Jinsi ya Kushindwa Kesi Polepole

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeona kifaa cha mwenzake, akakipenda, akatengeneza cha kwake kinachofanya kazi ileile, wateja wakakisifu, kisha asubuhi moja akaletewa bahasha ya wakili. Usitetemeke, ndugu yangu. Agiza chai, kaa chini, na usimjibu mtu yeyote mpaka umalize kusoma mkasa wa TiVo na EchoStar. Ni kesi ya Marekani. Ilifunguliwa Januari 2004 katika mji wa Marshall, Texas, ikiwa namba moja kwenye daftari la mwaka huo, na ikaisha Mei 2011. Katikati hapo EchoStar ilishindwa mara nyingi kiasi cha kumchosha anayehesabu, na muda wote huo wateja wake waliendelea kurekodi tamthilia zao kama kawaida.

Kwanza ujue kilichokuwa kinagombewa, maana wengi huingia mahakamani bila kujua.

Kwa shemeji yangu kuna king'amuzi chenye uwezo wa kurekodi. Siku moja mechi ikiwa imepamba moto, simu yake ikaita. Akabonyeza rimoti na picha ikaganda: beki ameinama, anafunga kamba za kiatu. Shemeji akatoka barazani kuongea. Aliporudi baada ya dakika nne akabonyeza tena, beki akamaliza kufunga kamba zake, mchezo ukaendelea kutoka palepale. Kasoro ni kwamba nyumba ya pili hawana kitufe hicho. Walipopiga kelele za goli, kwetu mpira ulikuwa bado mikononi mwa kipa wa upande wa pili. Tukakaa dakika nne nzima tukilisubiri goli tunalolijua, na mpwa wangu akakataa kutazama.

Teknolojia yenyewe ndiyo hiyo. Kituo cha televisheni hakina habari na simu ya shemeji na hakimsubiri mtu. Kisanduku hupokea mkondo wa picha na sauti, huuandika kwenye diski inayozunguka ndani yake, na papo hapo huusoma kutoka kwenye diski hiyo na kuupeleka kwenye skrini. Ukisimamisha, kinachosimama ni kusoma, kuandika hakukomi. Kuyafanya yote mawili kwa pamoja bila picha kukwama na bila sauti kuachana na midomo, tena kwa prosesa ya bei rahisi ya mwishoni mwa miaka ya 1990, hapo ndipo kichwa kilipouma. Jim Barton na Mike Ramsay, waliotoka Silicon Graphics na kuanzisha kampuni yao mwaka 1997, waliupata ufumbuzi. Ombi la hataza liliwasilishwa Julai 1998, kisanduku cha kwanza cha TiVo kikatoka Machi 1999, na tarehe 15 Mei 2001 ofisi ya hataza ya Marekani ikatoa hataza namba 6,233,389. Mawakili wanapenda kufupisha kila kitu isipokuwa ankara zao. Wakaiita 389.

Hapa ndipo mwigaji asiye na subira hufanya kosa la kwanza. Husoma kichwa cha hataza, akashtuka au akacheka, kisha akaifunga. Kichwa hakina kazi. Hataza ni kiwanja, na mipaka yake ni yale madai yaliyopangwa kwa namba mwishoni. Hakuna aliyeweza kudai umiliki wa kurekodi televisheni, kwa kuwa watu walikuwa wamerekodi kwa kanda za video tangu zamani. Dai namba 31 la 389 lilisema jambo jembamba zaidi: kuwe na mahali panapopokea matangazo, panapochambua picha na sauti na kuzihifadhi kwa muda, kisha vipande vya programu vipokezane data hiyo, kimoja kikidhibiti kasi ya mwenzake ili asizidiwe.

Likariri neno moja hapo, *kuchambua*, kwa sababu limekula fedha nyingi. Mchele unachambuliwa kwenye ungo: unapitisha vidole, unatoa chuya na vijiwe, punje kwa punje. Lakini je, mtu anayepokea magunia bandarini, akasoma lebo, akabaki na magunia ya mchele na kuyaacha ya sukari yaende zake, naye amechambua? Mpishi atasema hapana. Wakili atasema inategemea anayelipa. Usicheke, tutarudi kwenye magunia haya.

Baada ya kusoma madai, angalia kesi imefunguliwa wapi. TiVo ilikuwa na makao yake Alviso, California. EchoStar, yenye huduma ya televisheni ya dishi iitwayo Dish, ilikuwa Englewood, Colorado. Hakuna aliyekuwa na sababu ya wazi ya kuonekana Marshall, mji wa watu wapatao 24,000 mashariki mwa Texas, karibu na mpaka wa Louisiana, isipokuwa kwamba mahakama ya shirikisho ya huko ilikuwa imejipatia sifa kwa wenye hataza: kesi hazilali, na wanajuri ni watu wanaoheshimu mali ya mtu. Mwenye kesi mahali kama hapo hufanya vizuri kuwa mwema kwa wenyeji. Kesi ikiwa inakaribia, TiVo ilikwenda kwenye mnada wa mifugo wa maonyesho ya mji huo, ikamnunua maksai bingwa kwa dola 10,000, na picha ikatoka kwenye gazeti la hapo. Miaka ya baadaye Samsung, iliyoshtakiwa Marshall mara kwa mara, ilidhamini uwanja wa kuteleza kwenye barafu karibu na mahakama. Barafu, Texas! Sisemi kwamba maksai alitoa ushahidi. Nasema tu kwamba kwenye bajeti ya kesi ya hataza weka fungu la mifugo. Kwa haki ya msomaji niongeze kuwa mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Marekani ilibana sana uhuru wa mdai kujichagulia mji, hivyo fungu hilo laweza kupunguzwa.

Aprili 2006 wanajuri wakatoa uamuzi: EchoStar imeingilia hataza, na imefanya makusudi. Fidia karibu dola milioni 74. Sehemu ilikuwa faida ambayo TiVo ingeipata kama ingeuza visanduku hivyo yenyewe, na sehemu ilikuwa mrabaha. Kwa kuwa ilikuwa makusudi, sheria ingemruhusu Jaji David Folsom kuzidisha fidia hadi mara tatu. Hakuizidisha. Alifanya jambo lililokuja kuwa zito zaidi: Agosti mwaka huo alitoa zuio la kudumu.

Soma zuio kama unavyosoma dawa ya mtoto. Lilikuwa na amri mbili. Ya kwanza, acheni kutengeneza na kuuza visanduku vinavyoingilia hataza. Ya pili, ndani ya siku 30 zimeni uwezo wa kurekodi na kurudia katika visanduku hivyo vilivyokwisha fika majumbani kwa watu, isipokuwa visanduku 192,708. Hivyo 192,708 ni vile ambavyo wanajuri walikwisha amua TiVo ilipwe faida yake iliyopotea, kwa hiyo vilionekana vimenunuliwa. Vingine vyote, mamilioni, vizimwe. Fikiria bibi wa Nebraska anabonyeza kitufe usiku, kitufe hakimjibu, na bili ya mwisho wa mwezi inakuja ileile. Kampuni yoyote ya televisheni ingeuza hata viti vya ofisini kuepuka simu za bibi huyo.

Sasa ndipo sanaa inapoanza. Charlie Ergen, aliyeianzisha EchoStar mwaka 1980 akiuza madishi, aliwahi kucheza karata kwa riziki kabla ya hapo. Mcheza karata anajua kwamba mchezo haujaisha mpaka karata zifunuliwe, na kwamba hakuna sheria inayokulazimisha kuzifunua haraka. EchoStar ilikata rufaa, na zuio likasimamishwa wakati rufaa inasubiriwa. Hiyo ni karibu mwaka mmoja na nusu. Januari 2008 mahakama ya rufaa ya Washington ikaamua: madai ya hataza yanayohusu vifaa yanaanguka, lakini yale ya programu, 31 na 61, yanasimama, na fidia inabaki. Oktoba 2008 EchoStar ikalipa dola milioni 104.6, fidia pamoja na riba. Ukiwa mtu wa kawaida utadhani imekwisha. Ndiyo maana nimekuandikia mwongozo.

Wakati rufaa inasubiriwa, EchoStar ilikuwa imewaweka wahandisi 15 wabadilishe programu. Walitumia saa 8,000 kwa muda wa mwaka mmoja. Programu mpya ikatumwa kutoka angani hadi kwenye visanduku majumbani usiku, wenye nyumba wamelala. Na hapa turudi bandarini. Programu ya zamani ilipitia mkondo ikitafuta alama za mwanzo wa kila picha na kuziorodhesha, ili ukitaka kurudi nyuma ijue pa kwenda. Huko ndiko kuchambua kwa ungo. Programu mpya haikutafuta alama hizo. Ilikadiria kwa takwimu picha fulani ingekuwa wapi, ikaruka hadi karibu na hapo. Hatuna ungo tena, wakasema EchoStar, tumeutupa. TiVo ikajibu: lakini bado mnasoma lebo za magunia na kubakisha yale ya kituo anachotazama mteja, na huko pia ni kuchambua. Watu wazima waliosomea sheria na uhandisi, wakilipwa kwa saa, walibishana juu ya hili kwa miaka.

EchoStar ilikuwa na karata nyingine ambayo kila mwigaji anapaswa kuijua: barua ya wakili wa nje aliyeitazama programu mpya na kusema haigusi hataza. Barua za namna hii ni ghali na zina karatasi nzuri. Ulizo moja tu halikuwemo katika kazi hiyo yote: hawakwenda kwanza kwa Jaji Folsom kumwambia, mheshimiwa, ulituamuru tuzime, sisi tumerekebisha, je yatosha?

Juni 2009 Folsom akasema haitoshi. Akawatia hatiani kwa kudharau mahakama, kwa sababu mbili. Moja, programu mpya haikuwa na tofauti ya kutosha na ya zamani. Pili, na hii ndiyo ya kuwekea alama kwa wino mwekundu: uliambiwa *zima*. Visanduku vilivyotajwa kwa majina katika zuio vilikuwa bado vinarekodi. Baada ya kupiga hesabu za kipindi cha kusubiri na za dharau yenyewe, faini na fidia mpya zikapita dola milioni 200 kwa pamoja. TiVo ilikuwa imeomba dola milioni 975, kwa hiyo mtu angeweza kuona hata hapo EchoStar imepata punguzo.

Wenye hisa za TiVo nao wanahitaji mwongozo wao, ila utakuwa mfupi: mnunue kiti chenye mkanda. Machi 2010 majaji watatu wa rufaa wakaunga mkono hukumu ya dharau, na bei ya hisa ikapanda zaidi ya nusu kwa siku moja. Mei mwaka huohuo mahakama hiyohiyo ikasema italisikiliza upya shauri ikiwa na majaji wote, na bei ikaporomoka zaidi ya theluthi kwa siku moja. Kisanduku kilikuwa kilekile na programu ileile. Kilichobadilika ni idadi ya majaji mezani.

Tarehe 20 Aprili 2011 majaji hao 12 wakatoa uamuzi ambao mwigaji yeyote anafaa kuubandika ukutani. Juu ya programu mpya walisema Folsom alitumia kipimo kisicho sahihi. Kabla ya kumtia mtu hatiani kwa dharau kuhusu kifaa kilichobadilishwa, uliza kwanza kama mabadiliko ni ya kweli au ni rangi tu, na ukiona ni ya kweli mwenye hataza afungue kesi mpya. Swali likarudishwa Texas. Kwa maneno mengine, saa 8,000 za wahandisi hazikuwa kichekesho. Zilistahili kusikilizwa vizuri.

Lakini kwenye amri ya pili, saba kwa watano, EchoStar ilishindwa. Hoja yao ilikuwa kwamba "visanduku vinavyoingilia hataza" maana yake ni vile vinavyoendelea kuingilia; kwa kuwa vimerekebishwa, haviingilii tena, hivyo hakuna cha kuzima. Ni hoja ya akili. Mtoto aliyeambiwa atoke jikoni hutoa ya namna hiyo akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani. Majaji wengi walisema kama mlidhani amri haieleweki au imevuka mpaka, mlikuwa na nafasi ya kulalamika katika rufaa ya kwanza, na mkanyamaza. Nia njema na barua ya wakili havimwokoi aliyevunja amri. Watano waliopinga waliona amri ilikuwa na utata, na sitaki kuwabeza. Ukiisoma sentensi ile mara tatu unaweza kuyumba. Ila ulipokuwa na siku 30 za kuzima na ukaona unayumba, mtu wa kuulizwa alikuwa yule aliyeandika sentensi.

Siku 12 baadaye, tarehe 2 Mei 2011, wakapatana.

Suluhu ilikuwa dola milioni 500: milioni 300 mkononi, na milioni 200 zilizobaki zikagawanywa mafungu sita sawa, moja kila mwaka kuanzia 2012 hadi 2017. TiVo ikazipa Dish na EchoStar, ambazo sasa zilikuwa kampuni mbili, leseni ya hataza zake, EchoStar nayo ikaipa TiVo leseni ya baadhi ya hataza zake za kurekodi, kesi zote kati yao zikafutwa. Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili, ila hawakutaja kwamba nusu shari nayo hulipwa kwa awamu, kama kabati la vyombo.

Hapa wasiojua huuliza: kwa nini hawakupatana mwaka 2004 kwa bei ya chini? Watu wa suti hujibu kwa maneno marefu, mimi nitajibu kwa kifupi. Mwaka 2004 hakuna aliyejua kama hataza itasimama. Mwenye hataza anadai bei ya hataza iliyosimama, mwigaji anatoa bei ya hataza iliyoanguka, na kati yao kuna shimo linalozibwa na hukumu moja baada ya nyingine. EchoStar iliomba hata ofisi ya hataza iitazame 389 upya, na si mara moja, ikitumaini itafutwa. Kila mwezi wa kusubiri visanduku vilikuwa vinafanya kazi na ada zinaingia. Suluhu ilipatikana siku ambayo kusubiri kuliacha kuwa na faida: kulikuwa na amri ya kuzima iliyothibitishwa na hakuna tena pa kuipeleka isipokuwa Mahakama Kuu, ambayo huchagua kesi chache mno. Ukitaka kujua kesi yako itamalizwa lini nje ya mahakama, tafuta siku ambayo mteja wako wa kwanza atabonyeza kitufe na kisimjibu. Hesabu wiki mbili nyuma.

Na je, mshindi? Usimwonee wivu haraka. Mwanzoni mwa 2007 TiVo ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 4. Mwaka wa suluhu walikuwa karibu milioni 2. Watu walichukua kisanduku kilichokuja na huduma yao ya kebo au dishi, na kisanduku hicho, hapana haja ya kusema, kilikuwa na kitufe cha kusimamisha. TiVo ikawa na biashara mbili, moja ya kuuza visanduku na nyingine ya kuwatembelea wenye visanduku. Ya pili ilikwenda vizuri. AT&T ikapatana nayo Januari 2012 kwa dola milioni 215, Verizon Septemba mwaka huo kwa milioni 250.4, na Juni 2013 Cisco, Motorola na Time Warner Cable kwa pamoja kwa milioni 490. Jumlisha na ile ya Dish, upite dola bilioni 1.4. Mwaka 2016 kampuni nzima, jina, visanduku, hataza na yule katuni wake mwenye miguu na antena mbili, ilinunuliwa na Rovi kwa takriban dola bilioni 1.1.

Mshindani wa mwanzo wa TiVo, ReplayTV, aliyeonyesha kisanduku chake Januari 1999 pale Las Vegas, hakupata bahati hiyo. Kampuni iliyokuwa inammiliki iliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2003, ikiwa imechoshwa na kesi ilizofunguliwa na studio za filamu zilizochukia kitufe cha kuruka matangazo. Huo ni mwongozo mwingine, tena wa huzuni.

Swali la magunia halikupata jibu. Suluhu ilifuta kesi kabla Texas haijaamua kama kusoma lebo ni kuchambua, na wahandisi wale 15 hawajui mpaka leo kama walishinda.

Fungu la mwisho la Dish lilipangwa 2017. Hataza 389 iliisha muda wake Julai 2018, miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa. Tangu siku hiyo, ndugu yangu, ruhusa unayo. Nunua diski, chambua kwa ungo au kwa lebo upendavyo, gandisha beki akifunga kamba za kiatu, hakuna wa kukuletea bahasha kwa ajili ya 389. Nilimwambia hivyo mpwa wangu aliyekataa kulisubiri lile goli. Hakuinua macho. Alikuwa ameshalitazama kwenye simu.